Kupiga na Kuhariri Picha za Ndege wa Majini Wakiwa Angani: Mwongozo Kamili kwa Walio Nairobi

Yangeyange akiinuka bwawani hukuachia sekunde mbili, tatu ukiwa na bahati. Wapiga picha wengi huzimaliza wakitafuta kitufe. Mwongozo huu unashikilia jambo moja: picha ya ndege anayeruka huamuliwa na mahali uliposimama kabla hajaruka. Jua likiwa mgongoni pako na upepo nao ukitoka mgongoni, kamera ya kawaida na lenzi ya milimita 300 zinatosha. Vikiwa kinyume, hata lenzi ya bei ya gari haitakuokoa.

Ndege wenyewe

Tunawazungumzia wale wanaotembea majini na matopeni kutafuta riziki. Kwa kazi ya kamera, wagawe mafungu mawili. Kuna wakubwa wa mwendo wa pole: korongo wa kila aina, yangeyange, kwarara, domomwiko, fundichuma. Halafu kuna wadogo wenye kasi, vitwitwi na jamaa zao, ambao wengi ni wageni kutoka Ulaya na Asia. Huanza kufika Agosti na kufikia mwanzo wa Mei karibu wote wameshaondoka.

Katikati ya mafungu hayo yupo Himantopus himantopus, yule mweusi mgongoni, mweupe tumboni, mwenye miguu mirefu ya rangi ya waridi. Yupo mwaka mzima, ana kelele, na hakuna mwalimu bora kuliko yeye kwa sababu akishtuka huzunguka kisha hurudi karibu na pale pale. Lakini akizunguka juu ya kichwa chako akipiga kelele bila kutaka kutua, jua kwamba kiota kiko karibu na miguu yako. Rudi ulikotoka, ukitazama unapokanyaga.

Shingo nayo ina maana katika kupanga picha. Yangeyange na jamaa zake wakubwa, korongo wa kijivu, huruka wamekunja shingo mfano wa herufi S. Kwarara, domomwiko na korongo wengine wengi huinyoosha mbele, kwa hiyo wanahitaji nafasi zaidi upande wa mdomo la sivyo utawakata. Marabu anavunja kanuni: ni korongo, lakini shingo huikunja.

Mahali na majira

Mkono hujifunza kufuata ndege hata hapa mjini. Marabu wanaokaa kwenye migunga ya Barabara ya Mombasa, karibu na Uwanja wa Nyayo, ni wakubwa, hawana haraka na hawana kiingilio. Ardhi ikishapata moto, kwenye saa tatu au saa nne asubuhi, hupanda na hewa ya joto wakizunguka bila kupiga mabawa. Kwarara hijani, wale wanaoamsha mitaa ya Karen na Lavington kwa makelele alfajiri, hupita chini wakielekea kwenye nyasi. Piga picha mia tano za hawa, kisha uzifute zote bila huruma. Unachotafuta hapo ni mazoea ya mkono. Kamera barabarani huvuta macho, kwa hiyo mwende wawili, mkanda uvae mshazari kifuani badala ya kuuning'iniza begani, na usielekeze lenzi kwenye kambi ya jeshi wala Ikulu.

Ukitaka maji na matope, Hifadhi ya Taifa ya Nairobi ndiyo ya karibu. Ina kilomita za mraba 117 na mabwawa kadhaa: moja si mbali na lango kuu, Bwawa la Hyena, na lile la Athi Basin upande wa mashariki, ambalo ni kubwa na lina kingo za matope zinazopendwa na vitwitwi. Lipa ada kwa eCitizen kabla ya kufika, na uwe langoni saa kumi na mbili asubuhi. Ndani huruhusiwi kushuka garini isipokuwa sehemu zilizotengwa. Hilo lisikusikitishe, maana ndege hulivumilia gari kuliko mtu anayetembea. Udongo mweusi wa kule ukinyeshewa hunata kama ugali usioiva, na gari dogo halitoki bila kuvutwa. Miezi ya mvua ulizia njia kwanza. Chupa za maji za plastiki za kutupa hazikubaliwi hifadhini tangu 2020, basi beba ya chuma.

Mabwawa ya majitaka ya Ruai, ambayo watazamaji ndege huyaita ya Dandora, yana vitwitwi wengi ajabu, ila huingii bila kibali cha wanaoyasimamia. Kinamasi cha Manguo, Limuru, kipo kando ya barabara kuu ya Nakuru na hujaa baada ya mvua. Ziwa Magadi, kilomita mia na kidogo kusini, lina heroe na ndege wa chumvi, pamoja na joto la kutisha: ukitoka Nairobi saa kumi na moja alfajiri umeshachelewa. Kwa anayetaka kujua majina kwanza, Nature Kenya wana matembezi ya ndege ya Jumatano asubuhi yanayoanzia Makumbusho ya Taifa. Si safari ya wapiga picha. Utaenda kwa mwendo wa wenye darubini, na utajifunza zaidi kwa hilo.

Majira bora ni Januari hadi Aprili mwanzoni. Januari na Februari maji hupungua na ndege hukusanyika mahali pachache; Machi na Aprili wale wageni huanza kuvaa manyoya ya rangi kabla ya safari. Julai na Agosti mbingu ya Nairobi huwa ya kijivu kutwa nzima, na hapo utapanga kamera tofauti, kama tutakavyoona.

Jua, upepo na ukingo wa kusimama

Ndege huinuka na kutua akiukabili upepo, sawa na ndege ya abiria. Hapa Nairobi upepo mara nyingi hutoka upande wa mashariki: kaskazini-mashariki kuanzia Novemba hadi Machi, mashariki na kusini-mashariki miezi mingine. Jua la asubuhi nalo liko mashariki. Basi ukikaa ukingo wa mashariki wa bwawa, ukitazama magharibi, mambo mawili yanakubaliana bila gharama yoyote: mwanga unampiga ndege usoni, na kila anayetua anakuja akikutazama.

Jioni mkataba huo huvunjika. Jua liko magharibi, upepo bado unatoka mashariki. Ukiweka jua mgongoni, ndege wote watatua wakikuonyesha mkia. Ndiyo maana albamu za jioni za wapiga picha wa hapa zimejaa mikia. Jioni tafuta wanaopita ubavuni wakielekea malazi yao, au geuka ulikabili jua na upige vivuli vyeusi juu ya maji ya dhahabu.

Usiamini kanuni bila kuipima. Angusha nyasi kavu uone zinakoelekea, au tazama ndege waliosimama: kukiwa na upepo wa maana, wote huelekeza midomo unakotoka. Alfajiri mara nyingi hakuna upepo kabisa, na wakati huo wataruka upande wowote wanaotaka. Upepo ukianza kupuliza, badilisha ukingo kama inabidi. Dakika kumi za kulizungusha gari zina faida kuliko saa nzima mahali pabaya.

Halafu kuna urefu wa jua. Sisi tuko karibu na ikweta na jua hupanda wima, kama nyuzi 15 kila saa. Likichomoza saa kumi na mbili na nusu, kufikia saa mbili na nusu limefika nyuzi 30, na kivuli cha bawa kinaanza kufunika tumbo na jicho. Saa mbili za mwanzo ndizo zenye picha. Baada ya hapo wapo wanaookolewa na ardhi: ndege anayepita chini juu ya matope meupe, magadi au maji yanayong'aa hupata mwanga kutoka chini, na tumbo lake halibaki jeusi. Akipita juu ya majani ya kijani, atapata rangi ya kijani kifuani ambayo utahangaika nayo kwenye kompyuta.

Kuhusu mandhari ya nyuma: mbingu tupu ni rahisi kwa fokasi lakini picha huchosha. Kaa chini kadiri unavyoweza, lenzi iwe usawa wa maji au dirisha la gari lililo chini ya tuta, ili nyuma ya ndege kuwe na ukingo wa mbali uliofifia. Ukingo huo ukiwa mbali mara tatu ya umbali wa ndege, mafunjo yake huyeyuka kuwa rangi tu.

Kurusha jiwe au kupiga honi ili waruke hakukupi picha. Aliyeshtuliwa huruka akikukimbia, na unachopata ni mgongo. Tena vitwitwi wa Machi na Aprili wanajaza mafuta mwilini kwa safari ya maelfu ya kilomita. Kila mruko wa hofu unayala.

Vifaa, kwa ufupi

Lenzi ya 70-300 ni mwanzo mzuri kwa ndege wakubwa. 100-400 ndiyo inayofaa kazi nyingi, na 150-600 ni ya vitwitwi, ingawa uzito wake utauhisi begani baada ya nusu saa. Kadi iwe ya kuandika kwa kasi ya megabaiti 90 kwa sekunde au zaidi. Kadi ya polepole huifanya kamera kusimama katikati ya mfululizo, na huo ndio wakati mabawa yanafunguka.

Kwa kupigia garini, tripodi haina nafasi. Tengeneza mto wa maharagwe: kata mguu mmoja wa jinzi nzito ya mtumba, sentimita 40 hivi, fundi ashone ncha moja na aweke zipu nyingine. Jaza kilo mbili na nusu za maharagwe makavu, usiujaze hadi ukakamae. Theluthi moja ibaki tupu ili mto ukae kama tandiko juu ya kioo cha dirisha kilichoshushwa nusu. Mchele unafaa pia ila hujipanga na kuwa mgumu kama tofali. Mto ukilowa, mwaga maharagwe uyaanike siku hiyo hiyo. Ukiyasahau kwenye buti la gari yatachipua, na harufu yake haitoki kwa wiki.

Kupanga kamera kabla ya kufika

Fanya haya nyumbani au langoni.

1. Weka faili za RAW, yaani picha ghafi yenye kila kilichonaswa na kamera. JPEG ya yangeyange aliyeungua mwangaza haina dawa.
2. Fokasi iwe ya kufuata: AF-C, au Servo kwa kamera za Canon. Eneo la fokasi liwe la ukubwa wa wastani, si la skrini nzima. Kamera yenye uwezo wa kutambua ndege na jicho lake, washa. Ya zamani, tumia pointi ya katikati pamoja na zile zinazoizunguka.
3. Hamishia fokasi kwenye kitufe cha nyuma kinachobonyezwa na kidole gumba. Kidole cha shahada kibaki na kitufe cha shata, cha kupigia picha, peke yake.
4. Lenzi yenye swichi ya kupunguza masafa, ondoa masafa ya karibu. Bila hivyo, fokasi ikimkosa ndege husafiri hadi mita mbili na kurudi, na yeye ameshapita.
5. Mfululizo wa picha 8 hadi 20 kwa sekunde. Shata ya makanika iwe chaguo la kwanza. Shata ya kielektroniki kwenye sensa za kawaida (sensa ndiyo inayonasa picha ndani ya kamera) husoma picha mstari kwa mstari, na bawa linalopigwa kwa kasi hutoka limepinda kama mpira. Sensa za kasi za kamera ghali hazina shida hiyo sana.

Kasi ya shata ndiyo roho ya kazi. Marabu anayeelea: 1/1000 ya sekunde yatosha. Yangeyange na kwarara wakipita: 1/1600. Hao hao wakiinuka au wakitua, mabawa yakifanya kazi nzito: 1/2500. Vitwitwi: 1/3200 na kwenda juu. Hesabu yake ni hii: ndege anayekwenda mita 10 kwa sekunde husogea sentimita moja nzima ndani ya 1/1000, na milimita tatu ndani ya 1/3200. Ncha ya bawa huenda kasi kuliko mwili, ndiyo maana mwili ukiwa mkali bawa linaweza kuwa ukungu.

Tundu la lenzi liwe kati ya f/5.6 na f/8 (namba ikikua, tundu hupungua). Kwa lenzi ya milimita 400 kwenye kamera ya sensa kamili, tundu f/5.6, ndege akiwa mita 20 eneo lenye ukali ni kama sentimita 84. Akifika mita 10 linabaki sentimita 21 tu, na mabawa ya korongo wa kijivu yanazidi mita moja na nusu ncha kwa ncha. Hivyo akikaribia, funga hadi f/8 na uhakikishe fokasi iko kwenye jicho. Ncha za mabawa ziache zififie.

Mwangaza sasa. Siku ya jua safi, usiiachie kamera uamuzi. Weka M, yaani unapanga kila kitu mwenyewe, na uanzie hapa: jua kamili likiwa mgongoni pako, ISO (wepesi wa kamera kuhisi mwanga) 400, 1/3200, f/5.6 ni sawa kwa ndege wa rangi ya wastani. Kwa mweupe kama yangeyange funga hadi f/8, hatua moja nzima ya mwanga. Jua likiwa bado chini, saa moja ya mwanzo, pandisha ISO hadi 800. Kisha jaribu kwa yangeyange aliyesimama: piga, tazama skrini ikiwa imewashwa onyo la sehemu zilizoungua, na upunguze theluthi moja moja ya hatua hadi kumeta kuishe kwenye manyoya. Ukishapata kipimo hicho, kiache. Ndege apite mbele ya mafunjo meusi, maji ya fedha au mbingu, mwanga unaomwangukia ni ule ule, na manyoya yake yatatoka sawa kila mara. Hii ndiyo faida ya M ambayo wengi hawaioni.

Siku za mawingu yanayokuja na kuondoka, M inachosha. Shikilia kasi na tundu, ISO iwe ya kujipanga yenyewe, ukomo 6400, halafu usahihishe kwa gurudumu la kuongeza na kupunguza mwanga. Kipimo cha kamera hutaka kila kitu kiwe kijivu. Mweupe mbele ya giza: punguza hatua 1, kwa sababu kamera inaona giza na kuzidisha mwanga. Kwarara hijani mbele ya mbingu nyeupe ya Julai: ongeza 1.3 hadi 2, la sivyo utapata umbo jeusi lenye mdomo.

Kumfuata na kubofya

Miguu iachane upana wa mabega, kidole cha mguu wa mbele kielekee pale unapotaka picha itokee, si pale ndege alipo sasa. Kiuno ndicho kinachozunguka. Mkono wa kushoto uwe chini ya lenzi, mbele, kiwiko kikigusa mbavu. Garini, zima injini kabisa. Mtetemo wake hupita kwenye mto.

Kumpata ndege kwenye kioo cha kuchungulia ndiko kunakoshinda wanaoanza. Fungua macho yote mawili. Anza na lenzi ikiwa 200 au 250, mpate, kisha vuta. Kabla ya hapo weka fokasi kwenye kitu chochote kilicho umbali unaotarajia, kichaka au jiwe la ukingoni, ili fokasi isianze safari kutoka mwisho wa dunia. Mfuate tangu akiwa mbali na mdogo. Gumba lishike, achia, shika tena akikaribia, na bofya mifululizo mifupi ya picha tano au sita anapokuwa mkubwa wa kutosha. Kushikilia kitufe kutoka mwanzo hujaza kumbukumbu ya kamera wakati ndege bado ni nukta. Ukishaachia, endelea kumfuata. Mwili unaosimama ghafla hutikisa picha ya mwisho, ambayo aghalabu ndiyo nzuri.

Mafunjo yakipita mbele, fokasi hurukia mafunjo. Kwenye menyu kuna mpangilio wa jinsi fokasi inavyokimbilia kitu kipya. Uweke upande wa kusubiri.

Atakayeruka hujitangaza. Korongo na yangeyange hugeukia upepo, hurefusha shingo, huinama mbele na kukunja magoti, na mara nyingi hujisaidia sekunde chache kabla. Ukiona mchirizi mweupe, kidole kiwe kitufeni. Vitwitwi huacha kula, wote huinua vichwa, mmoja hulia. Kundi likiinuka, chagua ndege mmoja wa pembeni umshikilie. Ukilipiga kundi zima bila kuchagua, kamera nayo haichagui.

Picha mbovu inavyojieleza

Ivute hadi asilimia 100 na uisome. Mwili mkali, ncha za bawa ukungu: kasi ya shata ni ndogo, au unaipenda hivyo. Ndege laini, mafunjo ya nyuma makali: fokasi ilikwenda nyuma, eneo lake ni pana mno. Kila kitu kimechorwa mistari kuelekea upande mmoja: mkono ulitikisika, au ulimfuata kwa kasi isiyo yake. Kasi ikizidi 1/2000 jaribu pia kuzima kituliza mtikisiko, kwani baadhi ya lenzi hushindana nawe.

Aina ya nne huwachanganya watu hadi wanapeleka lenzi kwa fundi bure. Picha zote ni laini, nyingine zaidi ya nyingine, kingo za ndege zinatambaa kama unamtazama kupitia hewa iliyo juu ya jiko la makaa. Hilo ni joto la ardhi. Kwenye nyanda za Athi huanza mapema, wakati mwingine kabla ya saa tatu na nusu, na hakuna lenzi wala programu inayolitoa. Dawa ni kuwa karibu zaidi, au kufunga kazi. Gari lenyewe pia hulizalisha: ukitoka na kiyoyozi na kushusha kioo, hewa mbili hupigana dirishani mbele ya lenzi yako. Shusha vioo vyote dakika kumi mapema.

Kuhariri

Nakili kadi mahali pawili kabla ya kufungua picha hata moja. Kisha uchague kwa raundi. Raundi ya kwanza angalia jicho tu: si kali, futa. Ya pili angalia mabawa na kichwa. Mabawa yakiwa juu kabisa au chini kabisa picha ina uhai. Yakiwa sawa na mwili, ndege huonekana kama kijiti. Kichwa kikigeukia kwako hata kidogo, baki nayo. Ya tatu linganisha zinazofanana na uache moja. Asubuhi ya picha 800 ikikuachia 15, umefanya vizuri.

Hatua zinazofuata ni zile zile iwe ni Lightroom, darktable ya bure, au programu ya simu inayofungua RAW, ila viwango vya kusogeza nitakavyotaja ni vya Lightroom.

Anza na rangi ya mwanga. Weka kati ya Kelvin 5200 na 5600, ukiacha joto kidogo la asubuhi. Usimfanye yangeyange wa saa kumi na mbili na nusu awe mweupe kama shuka la hoteli. Jua lile lilikuwa la manjano na macho yanajua.

Kisha shughulikia weupe. Shusha sehemu angavu kwa 40 hadi 70, halafu pandisha mwangaza wa jumla hadi manyoya yaonekane meupe na mistari yake ikisomeka. Peleka kishale juu ya kifua: namba za nyekundu, kijani na bluu, kwa kipimo cha 0 hadi 255, zikiwa kati ya 235 na 245, uko salama, moja ikigonga 255, kuna manyoya yaliyopotea. Kwa heroe tazama nyekundu peke yake, maana huungua kabla histogramu ya jumla, ile grafu ya mwanga, haijalalamika. Vivuli vya chini ya bawa pandisha 20 hadi 35. Ukizidisha, chengachenga, zile chembe za ISO kubwa, zitajitokeza na tumbo litaonekana limewashiwa taa.

Chengachenga ziondolewe kabla ya kunoa, yaani kuongeza ukali wa picha, kwa sababu kunoa kwanza ni kuzinoa zenyewe. Chini ya ISO 1600 huhitaji mengi. Kwa 6400, zana mpya za akili unde hufanya kazi nzuri, ila chunguza mpaka kati ya ndege na mbingu: pakitokea ukingo unaong'aa kama uzi, punguza nguvu. Mandhari ya nyuma unaweza kuisafisha zaidi kwa maski (zana ya kuhariri sehemu moja tu ya picha) na kumwacha ndege na chembe zake. Manyoya yaliyosafishwa kupita kiasi hufanana na plastiki.

Kukata picha: kwanza nyoosha mstari wa maji, kwa sababu bwawa lililoinama humfanya mtazamaji ahisi kizunguzungu bila kujua kwa nini. Acha nafasi zaidi mbele ya ndege kuliko nyuma, na usiguse ncha za mabawa. Ama yote yawemo, ama ukate kwa uamuzi unaoonekana. Kamera ya megapikseli 24 hutoa pikseli 6000 kwa 4000. Ukibakisha nusu ya upana una 3000 kwa 2000, na hiyo huchapishwa A4 bila aibu. Chini ya hapo iache iwe ya skrini.

Kisha usafi. Madoa ya vumbi kwenye sensa hujificha kwenye mafunjo na kujitokeza mbinguni. Pandisha ukinzani wa mwanga (contrast) kwa muda uyaone, yafute, urudishe. Ukingo wa zambarau au kijani kuzunguka mdomo ondoa kwa kisanduku cha kurekebisha lenzi. Kijani cha kifuani kilichotoka kwenye majani, weka maski kifuani na ushushe ukolezaji wa kijani. Kufuta tawi au ndege wa pili ni hiari yako kwa picha ya ukutani, ila mashindano mengi ya picha za wanyamapori hukataa.

Kunoa ni mwisho. Kiwango 40 hadi 60, upana 0.8 hadi 1.0, na kizuizi cha Masking 60 hadi 80 ili mbingu isiguswe. Kwenye Lightroom ya kompyuta, shikilia Alt ukikisogeza: panapobaki peupe ndipo panaponolewa, na unataka kuona jicho, mdomo na mistari ya manyoya, basi.

Kutoa na kutuma

Kwa mtandao: JPEG, sRGB, ubora 85, upande mrefu pikseli 2048. WhatsApp huibana picha na kufanya mabawa yawe na ngazi ngazi, kwa hiyo itume kama hati. Kwa kuchapisha, toa ukubwa wote, na uulize duka linataka faili gani kabla ya kulipa.

Kabla ya kubonyeza cha mwisho, angalia kisanduku cha mahali. Simu na baadhi ya kamera huandika ndani ya faili pale picha ilipopigwa, hadi mita kadhaa. Korongo taji yuko kwenye orodha ya walio hatarini kutoweka, na wapo wanaomtafuta akiwa kifaranga ili wamuuze. Picha yoyote inayoonyesha kiota chake au cha ndege mwingine, ondoa mahali kwenye faili, na kwenye maelezo andika jina la kaunti tu.